Wambui Alisema, Prisca Akapiga Taipu

Mmenisumbua sana kwa simu, ninyi vijana wa dawati la mbele, ati niandike mambo ya maktabani kabla sijayasahau. Sijasahau. Kilichonichelewesha ni magoti, pamoja na kuku ambao wananisikiliza kidogo kuliko mlivyonisikiliza ninyi. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili, kama panya hawajazimaliza. Mimi nitaandika juu ya ile kona ya dirishani ambapo sasa mmeweka mashine ya kutoa nakala. Kabla ya mashine hiyo palikuwa na kompyuta, na mbele ya kompyuta palikuwa na wanawake, na hamu yao haijanitoka hadi leo.

Niliingia Nakuru kutoka Kisii nikiwa msichana mwembamba, msicheke, na siku ya kwanza kazini nikapewa mhuri wa tarehe na kitambaa. Mhuri ulikuwa wa dakika chache. Kitambaa kilikuwa cha kutwa. Wakati wa kiangazi upepo wa ziwani huja na unga mweupe unaoingia hata ndani ya kitabu kilichofungwa, na mimi nimetoka kwetu ambako hata vumbi lina unyevu, ningejuaje? Mkuu wangu wa kwanza alinifundisha jambo moja: msomaji akiuliza swali la ajabu, usicheke, mpeleke kwenye rafu. Nimewapeleka wengi. Mmoja alitaka kitabu cha kumrudisha mke aliyekwenda kwao, nikampeleka kwenye mapishi.

Lakini aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa mfanyakazi wa maktaba. Alikuwa Mwalimu Harbans Kaur, mama Kalasinga wa Milimani, aliyefundisha jiografia mpaka nusu ya mji ikawa inamwogopa barabarani. Alipostaafu alihamia kwetu. Alikuja kila asubuhi na chupa ya chai ya tangawizi, jambo ambalo sheria ya maktaba ilikataza na macho yangu hayakuwahi kuliona. Nilijifunza kwake kwamba maktaba haihesabiwi kwa vitabu vilivyomo, inahesabiwa kwa maswali ambayo mtu akija nayo hapati jibu. Hayo, alisema, ndiyo kazi yako, Moraa. Vilivyomo tayari havikuhitaji.

Kompyuta yenye intaneti tuliipata mwaka wa elfu mbili na saba. Vijana waliikimbilia kutafuta picha za magari. Mwalimu alingoja waende, akaketi, akagundua kamusi elezo moja ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika bila malipo, na kumbe ilikuwa na sehemu ya Kiswahili. Akatafuta Nakuru. Akakuta mistari michache, ziwa na ndege na basi. Mwalimu wa jiografia mkampa ukurasa wenye upungufu, mnataka alale? Aliuongezea mpaka nikamwambia tunafunga.

Siku moja aliniita. "Moraa, hebu soma haya majina. Hawa ndio wanaojitolea kuandika."

Nikasoma. Mwanamume, mwanamume, mmoja aliyejiita kwa jina la mnyama, mwanamume.

"Wanawake wako wapi?" akauliza.

"Labda hawapendi kujitaja."

"Wanawake wa Nakuru hawapendi kujitaja? Umewahi kwenda sokoni?"

Akanionyesha matokeo yake. Manowari zilikuwa na makala ndefu, kila moja na mizinga yake. Wachezaji wa mpira walikuwa wamejaa, hata wa timu ambazo mama zao hawazijui. Ukunga ulikuwa na sentensi moja na nusu, na ile nusu ilikuwa na kosa. Mtu anaandika anachokijua na anachokipenda, Mwalimu alisema, hiyo si dhambi. Lakini wakiandika wa aina moja tu, dunia yote inaonekana kama sebule ya wanaume. Ndivyo ilivyoanza Jumamosi ya wanawake. Nilibandika tangazo mlangoni. Bwana mmoja wa kaunta ya magazeti aliuliza Jumamosi ya wanaume itakuwa lini. Nikamwambia ni Jumatatu hadi Ijumaa.

Msidhani walimiminika. Jumamosi ni siku ya kufua, ya soko, ya harusi za watu. Kulikuwa na aliyeulizwa na mumewe, "Unamwandikia nani huko?" na akaona heri yaishe. Kulikuwa na karani hodari sana wa ofisi ya mawakili aliyeandika aya moja nzuri, akakuta mtu asiyemjua ameifuta na kuandika "haifai," na hakurudi tena. Nilimwelewa. Mwanaume akiambiwa haifai anasema, wewe ni nani. Sisi tulilelewa kuuliza, kwani nimekosea wapi. Waliobaki walikuwa wachache, wenye ngozi ngumu, na wawili kati yao ndio ninaoandika habari zao.

Wambui alilima viazi katika shamba moja la zamani la mzungu, mbele ya Sachangwan ukielekea Molo, lililogawanywa baada ya Uhuru. Prisca Chepkoech alifundisha chekechea hapo hapo. Walizaliwa wakitenganishwa na ua wa miti, mmoja Mkikuyu, mwingine Mkalenjin, na mama zao walikopeshana chumvi mpaka ikawa haijulikani ya nani. Kila Jumamosi Wambui alileta viazi mjini kwa lori, na Prisca akapanda mbele naye kuja kuazima vitabu vya watoto. Wambui alipochoka kumngoja mwenzake mlangoni aliingia, akamkuta Mwalimu Kaur na chupa ya chai, na hapo hakutoka.

Namna yao ya kuandika ilikuwa hivi: Wambui alisema, Prisca akapiga taipu.

"Vidole vyangu ni vya kuchimba viazi, si vya kudonoa," Wambui alisema. Kisha akaanza kusimulia, na Prisca akadonoa kwa kasi ya mvua ya mawe, na baada ya muda Wambui akainama kusoma kioo.

"Hiyo sijasema."

"Umesema. Nimefupisha."

"Nani alikutuma ufupishe mdomo wangu?"

"Mdomo wako ukiandikwa wote, hii kompyuta itajaa."

Walicheka mpaka bwana wa magazeti akasonya. Ningewanyamazisha, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Sikuwanyamazisha hata siku moja, na ningepewa leo Jumamosi moja ya kelele zile ningeibeba mgongoni kama mtoto.

Makala yao kubwa ilihusu vikundi vya mabati. Ninyi mmekulia chini ya mabati, hamwezi kujua. Walipohamia shambani wazazi wao, nyumba zote zilikuwa za nyasi: zinavuja, zinashika moto, na panya hawalipi kodi. Basi wanawake walichanga, wakaezeka nyumba ya mmoja kwa mabati, wakachanga tena, wakaezeka ya wa pili, mpaka kijiji chote kikang'aa. Wanaume walishangaa tu kurudi na kukuta wanalala chini ya bati. Mama yake Wambui na mama yake Prisca walikuwa kikundi kimoja. Habari hiyo haikuwa kwenye kitabu chochote rafuni kwangu, nami nilizijua rafu zangu.

"Andikeni majina," Mwalimu aliwaambia. "Huyo mzungu aliyekuwa na shamba ametajwa kwa jina lake, na la farasi wake. Nao watajwe."

Hapo ndipo tulipokwama. Wambui alisema, ya kwanza ilikuwa ya Mama Kamau, ya pili ya Mama Kiprono. Prisca akaacha kupiga. "Mama Kamau ni nani jina?" Wambui alikuwa amekula kwa mama huyo utoto wote na hakujua jina lake. Ikabidi Prisca azunguke nyumba kwa nyumba siku ya Jumapili, akiuliza kwa adabu, "Mathe, jina lako wewe, si la mtoto." Alitusimulia kwamba mmoja aliketi chini akacheka mpaka akapangusa machozi. "Tangu niolewe," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Prisca aliyaleta majina yote, na ya nyumba zao, ya juu ya mto na ya chini ya mto, na aliyapiga taipu bila mtu kumsomea. Alikuwa ameyashika kichwani njia nzima.

Sasa sikilizeni kuhusu Mkaguzi. Hilo ndilo jina alilojiita mmoja wa wasimamizi wa kamusi ile, mzungu wa huko ng'ambo aliyejifunza Kiswahili chuoni. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Aliweka juu ya makala ya mabati tangazo kwamba itafutwa, kwa kuwa haina chanzo kilichochapishwa. Wenye maoni wayatoe kwenye ukurasa wa majadiliano. Haki ya kutoa maoni ilikuwa ya kila mwandishi, na kila mmoja wetu alikuwa na akaunti yake na jina lake. Mwalimu alikuwa Kisumu kwa harusi ya mjukuu wa dada yake. Tulijiamulia wenyewe, na tulijiamulia vile wanawake wa huku wanavyojua.

Tulivuta viti, tukakaa kama chama cha kuchangiana. Kila mmoja akasema lake. Tukabishana, tukapatana. Chama kikishapatana, neno ni moja. Ukisimama nje ukasema lako, umekivunja. Basi tukatunga sentensi moja, "Tumekubaliana makala hii ibaki kwa sababu mambo haya ni ya kweli na sisi ni mashahidi," na mmoja baada ya mwingine akafungua akaunti yake, kwenye kompyuta ile ile moja, na Prisca akampigia taipu maneno yale yale, nukta kwa nukta. Tulijiona tumefanya jambo la heshima. Tukaenda nyumbani.

Jumamosi iliyofuata tulikuta tumefungiwa akaunti wote, hata mimi mtumishi wa umma. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba akaunti hizi zote ni za mtu mmoja, zinatoka mashine moja, zinasema neno moja, na kwa maoni yake ni mwanamume anayejifanya kuwa wanawake wengi ili ashinde hoja.

Wambui akasimama, akajishika kiuno. "Mimi mwanaume? Aki niitieni mume wangu aone kitu alioa!"

Tulicheka, lakini Prisca hakucheka. Alibaki akitazama kioo. "Wanatafuta wanawake waandike," alisema, "halafu wakija pamoja wanaambiwa hawako." Sijasikia mtu akilieleza jambo hilo vizuri zaidi, na nimehudhuria semina juu yake, zenye chakula.

Basi nawaachia ushauri huu wa kazi, ninyi mnaotaka kuanzisha tena: mkiwa wengi kwenye mashine moja, andikeni mapema kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba ninyi ni kikundi, na kila mmoja aseme kwa maneno yake hata kama yamepinda. Kule, maneno yanayofanana ni dalili ya udanganyifu. Huku ni dalili ya kupatana. Mwalimu aliporudi alimwandikia Mkaguzi barua ya kumweleza chama ni kitu gani, kwa sauti ile aliyotumia kuwaeleza watoto wa darasa la saba kwa nini mto haupandi mlima. Ilimchukua yule bwana majuma kadhaa. Karibu na Krismasi alitufungulia akaunti zote, akaomba radhi, akasema makala ibaki kwa sasa, atatafuta chanzo mwenyewe. Tulipiga vigelegele ndani ya maktaba. Wambui aliahidi kuniletea gunia la viazi mwaka mpya.

Mwaka mpya ulivyokuja mnajua. Baada ya uchaguzi yaliyotokea yalitokea, na sitayasimulia hapa, wako walioyasimulia na wako wasioweza. Maktaba ilifungwa. Ilipofunguliwa nilipangusa majivu pamoja na vumbi, nikaenda uwanja wa maonyesho, ambako watu waliofukuzwa makwao kwa sababu ya kabila walikuwa wamepigiwa mahema, kumtafuta Wambui. Nilimpata akiosha sufuria ambayo haikuwa yake. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Tulishikana mikono kwa muda mrefu, tukaulizana habari za watoto.

"Moraa," alisema, "ile kitu tuliandika, bado iko?"

"Iko! Haijafutwa. Mkaguzi ameiacha." Nilidhani nampa habari njema.

"Itoe."

"Wambui."

"Itoe yote. Iko na majina, iko na nyumba za watu, ya juu ya mto na ya chini. Yangu imeenda, sawa. Lakini kuna wamama wamebaki huko."

"Nani ataiona? Huko hata stima hakuna. Mtu wa kuchoma nyumba ya jirani anahitaji kuingia kwa intaneti?"

"Najua." Alisugua ile sufuria ambayo ilikuwa imetakata tayari. "Lakini ni nani alipiga taipu hayo majina? Ni nani alizunguka akiuliza?"

Nilishtuka. "Prisca hawezi. Wambui, wewe unamjua Prisca."

"Namjua kuliko dada yangu. Ndiyo hiyo inaniuma. Namjua, na bado nimemfikiria." Akaanza kulia bila sauti. "Itoe, Moraa, nisiwe nafikiria."

Nilirudi maktabani nikaketi dirishani. Nilikuwa nimepigania ukurasa ule kama mali ya baba yangu, na sasa niliandika kuomba ufutwe. Mkaguzi alijibu upesi. Hapana, alisema, asilani, amepata chanzo! Katika chuo kimoja huko kwao kuna kitabu kinachovitaja vikundi vya mabati. Makala ni nzuri, ni ya pekee, itabaki. Alikuwa na furaha, maskini. Miezi yote ile tulikuwa tunalilia neno hilo. Nikamwandikia upya, bila kupiga pasi, nikamwambia kuna nini huku na majina ya wanawake hao yamekuwa nini. Kabla chai haijapoa ukurasa ulikuwa haupo. Kwenye ukurasa wangu aliacha maneno machache: "Nimefuta. Mko salama?" Tangu tuanze, kule ndani tuliulizwa tu chanzo chenu ni kipi. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa kama tuko salama. Niliegemea meza nikalia.

Shule zilipofunguliwa Prisca alikuja. Alikuwa amekonda. Hakwenda kwenye vitabu vya watoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akatafuta, akatafuta tena.

"Moraa, iko wapi?"

Ningeweza kumsingizia Mkaguzi, alikuwa mbali na alikuwa amezoea kulaumiwa. Lakini Prisca alikuwa ananitazama usoni. "Imetolewa," nilisema. "Wambui aliomba."

"Alisema kwa nini?"

"Kwa sababu ya majina."

"Majina niliandika mimi. Kwa hivyo alidhani ni mimi."

"Hakudhani. Aliogopa tu."

"Na hapo tofauti ni gani?" Hakupandisha sauti. "Mama yangu pia alikuwa kwa hayo majina. Nilimweka na hizi mikono." Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Nilikuja kumwambia viazi vyake nimechimba. Watu walikuwa wanaiba. Viko kwa stoo yangu, na vitaoza."

Nikamwambia mahali alipo Wambui, uwanja wa maonyesho ni mwendo mfupi tu kutoka hapo. Akachukua mkoba wake akatoka. Nilifurahi, nikapangusa meza, nikawaza Jumamosi mbili tatu tutakuwa tumerudi. Baadaye niliambiwa na mlinzi wa lango kwamba mwanamke wa namna hiyo alifika, akasimama, akauliza kama watu wanaruhusiwa kuingia, akaambiwa ndiyo, akageuka akarudi. Viazi vilifika wiki ile kwa lori, bila neno. Wambui alivijua kwa macho. Hakuniuliza vimetoka wapi.

Hapo ikaisha. Niliendelea kufungua chumba kila Jumamosi mpaka mkuu wangu aliponiuliza ninamfungulia nani. Mwalimu Kaur alihamia ng'ambo kwa binti yake. Aliandika huko mpaka macho yalipomkataa, kila makala ikihusu mwanamke, na majina yote yako pale. Mkaguzi aliniuliza mara moja kama siku moja tungeiandika ya mabati upya. Nikamjibu kwamba si yangu. Inahitaji mmoja wa kusema na mmoja wa kupiga taipu.

Nilipostaafu nilijiambia sitakufa nikiwa nimekaa katikati ya watu wawili. Niliulizia, nikampata Wambui huko Ol Kalou, alikonunua kishamba, na Prisca bado yuko palepale kando ya ua wa miti. Nimezungumza na kila mmoja. Wambui alisema, "Nina haya, Moraa. Usinipe namba yake. Mpe yangu. Akinipigia nitashika hata nikiwa kanisani." Nikampigia Prisca. Prisca akasema, "Mimi sina neno na yeye. Lakini aliyeogopa ni yeye, aseme mwenyewe kwamba haogopi tena. Yake usinipe. Mpe yangu." Nimewasihi, nimewagombeza, nimewaambia uzee hauwangojei watu wakaidi. Kila mmoja huniuliza kuku wangu wanaendeleaje.

Mwezi jana simu yangu iliingia kwenye ndoo ya maji, nikapewa laini mpya. Nikawapigia wote wawili kuwapa namba, mmoja kisha mwingine, kwa laini wasiyoijua. Prisca alishika kabla haijalia mara ya pili. Hakusema halo. Alisema, "Wambui?"

Nikamwambia hapana, ni Moraa tu. Nilikaa kidogo nikampigia Wambui, naye akashika upesi vile vile, akihema kama aliyetoka shambani mbio, akasema, "Prisca?"